Wafalme wa Kiyunani: Kilichopita na Kilichobaki



Watu wanaoitafuta dini ya kweli huuliza maswali mengi, na baadhi yake hurudi mara kwa mara. Mmoja huuliza: Ikiwa taifa fulani limeitawala dunia na elimu yake imeenea kila mahali, je, hiyo si dalili kwamba Mungu yu pamoja nalo? Mwingine huuliza kinyume chake: Ikiwa elimu fulani imetoka kwa watu walioabudu masanamu, je, Mwislamu anaruhusiwa kuisoma? Na wa tatu, aliyekwisha soma Sura Al-Kahf, huuliza kama yule Dhul-Qarnaini anayetajwa humo ndiye Alexander Mkuu, ambaye Waarabu humwita Iskandar.

Maswali haya matatu yanakutana katika historia ya Wayunani wa kale. Mara nyingi Qurani Tukufu huwaagiza watu watembee katika ardhi na watazame ulikuwaje mwisho wa waliowatangulia. Basi mwezi huu na tutembee kwa akili zetu katika nchi za Wayunani, kisha turudi kwenye maswali hayo.

WAYUNANI WALIKUWA WATU GANI

Wayunani ndio hao tunaowaita leo Wagiriki. Zamani hawakuwa taifa moja lenye mfalme mmoja. Kila mji ulikuwa dola yenyewe: Athens, Sparta, Thebes, Corinth na mingine mingi. Wafalme wa Uajemi walipowashambulia, mwaka 490 na tena mwaka 480 K.K. (yaani kabla ya kuzaliwa Nabii Isa a.s.), baadhi ya miji hiyo ilishirikiana ikawarudisha nyuma. Lakini hatari ilipoondoka, walianza kupigana wao kwa wao. Vita vya Athens na Sparta, vilivyoanza mwaka 431 na kwisha mwaka 404 K.K., viliwadhoofisha wote.

Katika karne hiyo hiyo Athens ilitoa watu wenye akili kubwa. Raia walikutana na kujiamulia mambo ya mji wao kwa kupiga kura, jambo lililokuwa geni duniani, ingawa wanawake, wageni na watumwa hawakuwa na sauti. Hata hivyo mji huo huo ndio uliomhukumu Socrates kufa, mwaka 399 K.K. Alishtakiwa kwamba haheshimu miungu ya mji na kwamba anawapotosha vijana. Akapewa kikombe cha sumu, akanywa. Yafaa kulikumbuka jambo hili: watu wanaweza kuwa na elimu nyingi, na bado wakamwua mtu kwa sababu anawauliza maswali.

PHILIP NA MWANAWE ALEXANDER

Kaskazini ya miji hiyo ilikuwako nchi ya Makedonia, ambayo Wayunani wengi waliidharau. Mwaka 359 K.K. alitawala huko Philip wa Pili. Alilipanga upya jeshi lake, akawapa askari wa miguu mikuki yenye urefu wa mita 4 na zaidi, akawazoeza kusimama safu kwa safu kama ukuta. Mwaka 338 K.K., katika vita vya Chaeronea, aliishinda Athens na Thebes kwa pamoja. Miji iliyokuwa ikijivunia uhuru wake ikawa chini yake. Miaka miwili baadaye, katika sherehe ya arusi ya binti yake, Philip aliuawa na mmoja wa walinzi wake mwenyewe.

Alexander alishika ufalme akiwa na miaka 20. Alikuwa amefundishwa na Aristotle, mmoja wa wanafalsafa wakubwa kuliko wote wa zama hizo. Ungedhani kwamba mwanafunzi wa mwalimu kama huyo angekuwa mpole. Lakini mwaka 335 K.K. mji wa Thebes ulipomwasi, aliubomoa. Na waandishi wa kale wanasema kwamba watu wapatao 30,000 waliuzwa utumwani.

Mwaka 334 K.K. alivuka kuingia Asia. Mwaka uliofuata alimshinda Darius wa Tatu, mfalme wa Uajemi, katika vita vya Issus. Mwaka 332 K.K. aliuzingira mji wa Tiro, uliokuwa kisiwani, kwa miezi saba. Akajaza bahari mawe na miti mpaka akapata njia ya kufikia kuta zake. Kisha akaingia Misri, na mwaka 331 K.K. akaweka msingi wa mji wa Iskandaria ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka huo huo alimshinda Darius mara ya mwisho huko Gaugamela, katika nchi ya Iraki ya leo. Mwaka 330 K.K. majumba ya kifalme ya Persepolis yalichomwa moto. Akaendelea mashariki mpaka Bara Hindi, ambako mwaka 326 K.K. alimshinda mfalme Porus. Hapo askari wake walichoka, wakakataa kwenda mbele zaidi. Mtu ambaye hakushindwa na mfalme yeyote alirudishwa nyuma na uchovu wa watu wake mwenyewe.

ALIPOTAKA KUSUJUDIWA

Msomaji mpendwa, ushindi una hatari yake. Alipokuwa Misri, Alexander alisafiri jangwani hadi Siwa, kwenye hekalu la Amon, na makuhani wa huko wakampokea kama mwana wa mungu wao. Toka hapo fikira hiyo haikumtoka. Huko Asia ya Kati alitaka watu wake wamsujudie kama Waajemi walivyowasujudia wafalme wao. Callisthenes, jamaa yake Aristotle, aliyekuwa mwandishi wa habari za safari hiyo, alikataa waziwazi. Baadaye alishtakiwa kwamba yumo katika njama, akakamatwa, na hakupata tena uhuru wake. Kabla ya hapo, katika karamu ya ulevi huko Samarkand, mwaka 328 K.K., Alexander alimchoma mkuki na kumwua Cleitus, rafiki aliyewahi kuyaokoa maisha yake vitani, kwa sababu alimwambia maneno ya kweli asiyotaka kuyasikia.

Mwezi Juni, mwaka 323 K.K., Alexander alishikwa na homa katika mji wa Babeli. Baada ya siku chache alikufa, naye hajatimiza miaka 33. Hakuacha mrithi mtu mzima. Mkewe Roxana alikuwa na mimba, akazaa mtoto wa kiume baada ya kifo cha baba yake. Je, wajua ukoo wake ulipatwa na nini? Ndugu yake aliuawa mwaka 317 K.K. Mama yake, Olympias, aliuawa mwaka uliofuata. Mkewe na mwanawe waliuawa baadaye kwa amri ya mmojawapo wa waliogombania ufalme wake. Katika muda wa miaka 15 hivi hakubaki mtu wa nyumba ya Philip aliyeweza kukikalia kiti cha mshindi huyo.

Nao majemadari waligawana nchi. Ptolemy alichukua Misri. Seleucus alichukua Babeli, Shamu na nchi za mashariki. Wengine wakapigania Makedonia na Asia Ndogo. Nao pia walifuata njia ya kujifanya miungu. Antiochus wa Nne, wa ukoo wa Seleucus, aliandikisha kwenye sarafu zake kwamba yeye ni mungu aliyedhihirika. Mwaka 167 K.K. alipiga marufuku sheria ya Musa na akalinajisi Hekalu la Yerusalemu kwa kuweka humo ibada ya masanamu. Wayahudi wachache, wakiongozwa na ukoo wa Wamakabayo, walisimama kuilinda imani yao, na mwaka 164 K.K. wakalisafisha Hekalu. Mfalme mwenye tembo na majeshi hakuweza kuifuta ibada ya Mungu Mmoja. Ufalme wa mwisho kati ya falme za majemadari hao ulikuwa ule wa Misri, nao ulikwisha mwaka 30 K.K. alipokufa malkia Cleopatra na nchi ikawa jimbo la Roma.

JE, ALEXANDER NDIYE DHUL-QARNAINI?

Wafasiri wengi wa zamani walidhani hivyo. Neno Dhul-Qarnaini maana yake ni mwenye pembe mbili, na sarafu zilizopigwa baada ya kufa kwake zinamwonyesha Alexander akiwa na pembe za kondoo dume, alama ya yule mungu Amon. Lakini linganisha sifa. Dhul-Qarnaini wa Qurani anamwamini Mungu na Siku ya Hukumu. Anawatendea watu uadilifu. Watu dhaifu wanapomtolea mali ili awajengee kizuizi, anasema kwamba aliyopewa na Mola wake ni bora. Na kazi inapokwisha, anaihesabu kuwa ni rehema ya Mola wake. Je, hizi ni sifa za mtu aliyetaka kusujudiwa?

Tena tazama kitabu cha nabii Danieli, sura ya 8. Humo Danieli anaonyeshwa katika njozi kondoo dume mwenye pembe mbili, na beberu mwenye pembe moja kubwa. Sura yenyewe inaeleza kwamba kondoo mwenye pembe mbili ni wafalme wa Umedi na Uajemi, na beberu ni mfalme wa Uyunani, ambaye pembe yake itavunjika na kutokea nyingine nne. Basi kwa mujibu wa njozi hiyo mwenye pembe mbili hatoki Uyunani, anatoka Uajemi.

Kwa sababu hizi wafasiri kadhaa wa karne ya 20, wakiwamo wale wa Jumuiya yetu, wameona kwamba anayefaa zaidi ni Cyrus, ambaye Biblia humwita Koreshi, aliyeziunganisha Umedi na Uajemi. Mwaka 539 K.K. aliuteka Babeli, akawapa Wayahudi waliohamishwa ruhusa ya kurudi kwao, na kitabu cha Isaya kinamtaja kwa heshima kubwa. Ni kweli kwamba maandishi ya udongo yaliyofukuliwa Babeli mwaka 1879 yanamwonyesha Cyrus akimheshimu Marduk, mungu wa Wababeli. Wanaomtetea hujibu kwamba maandishi hayo yalitungwa na makuhani wa huko kwa desturi yao. Qurani Tukufu haikutaja jina, bali ilitaja sifa. Nasi yatupasa kuanzia kwenye sifa. Yafaa pia kujua kwamba Alexander mwenyewe, alipolikuta kaburi la Cyrus huko Pasargadae limeporwa, aliamuru litengenezwe. Hata mtekaji mkubwa alimstahi mfalme mwadilifu.

LUGHA ILIYOBAKI

Sasa tuje kwenye kilichobaki. Falme zilikwisha, lakini lugha ilibaki. Kiyunani kilikuwa lugha ya biashara na ya ofisi kutoka Misri hadi mipaka ya Bara Hindi. Hata mfalme Ashoka wa Bara Hindi, katika karne ya 3 K.K., aliandikisha baadhi ya amri zake kwa Kiyunani katika mji wa Kandahar, uliomo Afghanistan ya leo, ili watu wa huko wazielewe. Katika karne hiyo hiyo Torati ilianza kutafsiriwa kwa Kiyunani huko Iskandaria, kwa sababu Wayahudi wengi wa mji huo walikuwa wakitumia lugha hiyo kuliko Kiebrania.

Jambo hili lamhusu sana mtafutaji. Nabii Isa a.s. alisema na watu wake kwa Kiarami, lakini Injili nne zilizomo katika Biblia zimetufikia kwa Kiyunani. Jina Kristo ni tafsiri ya Kiyunani ya neno Masihi, yaani aliyepakwa mafuta. Na neno Biblia ni la Kiyunani pia, maana yake ni vitabu. Kwa hiyo msomaji wa Injili kwa Kiswahili anasoma tafsiri ya maandishi ambayo yenyewe yalichukua maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. Silisemi hili kwa ajili ya dharau. Nalisema ili kila mtu, awe Mwislamu au Mkristo, ajue kwamba neno likihamishwa lugha yafaa kuuliza lilikuwa na maana gani kwa waliolisikia mara ya kwanza.

WAISLAMU NA ELIMU YA WAYUNANI

Iskandaria chini ya akina Ptolemy ilikuwa na maktaba iliyosifika na wataalamu wengi. Euclid aliandika humo kitabu cha hesabu za maumbo. Eratosthenes, aliyezaliwa Cyrene katika Libya ya leo, aliupima mzingo wa dunia kwa kivuli. Alijua kwamba siku moja ya mwaka, saa sita mchana, jua huko Aswan husimama utosini hata kivuli hakionekani. Lakini siku hiyo hiyo huko Iskandaria kivuli kilionyesha pembe ya sehemu moja kwa 50 ya duara. Umbali baina ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000. Akazidisha kwa 50, akapata stadia 250,000. Kwa fimbo na hesabu tu alijua ukubwa wa dunia.

Waislamu walipofika katika nchi hizo, walikuta vitabu vya namna hii. Wangeweza kusema: Hivi ni vya makafiri, tuviache. Hawakusema hivyo. Katika Baghdad, hasa zama za khalifa al-Ma'mun aliyetawala kutoka mwaka 813 hadi 833, vitabu vingi vilitafsiriwa kwa Kiarabu. Mfasiri mashuhuri kuliko wote, Hunayn ibn Ishaq, alikuwa Mkristo, naye aliheshimiwa kwa elimu yake. Yeye mwenyewe ameandika kwamba alikitafuta kitabu kimoja cha tabibu Galen katika Iraki, Shamu, Palestina na Misri mpaka Iskandaria, asipate ila karibu nusu yake huko Damascus.

Lakini angalia: Waislamu hawakupokea kwa upofu. Euclid na Ptolemy mnajimu (huyu ni mtaalamu wa karne ya 2 baada ya Isa a.s., si yule mfalme) walishika kwamba jicho huona kwa kutoa miale. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, alionyesha kwa majaribio na hoja kwamba nuru ndiyo inayoingia jichoni kutoka kwenye vitu. Tena aliandika kitabu kizima kueleza shaka zake juu ya Ptolemy. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwapinga wanafalsafa katika mambo ya imani, na huku akikiri kwamba kuikana hesabu iliyothibitishwa hakuisaidii dini. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu al-Ghazali na kuvifafanua vitabu vya Aristotle. Na kwa njia ya tafsiri za Kilatini fafanuzi zake zikasomwa katika vyuo vya Ulaya. Hivyo elimu ya Wayunani ilifika Ulaya ikiwa imechujwa na kuongezwa na watu waliosali kuelekea Makka.

WAYUNANI NA PWANI YETU

Wala usidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Yapata karne moja baada ya Cleopatra, mfanyabiashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halijulikani, aliandika kwa Kiyunani kitabu cha safari za Bahari ya Hindi. Humo anaieleza pwani ya Azania, ndiyo pwani ya Afrika Mashariki, na bandari ya Rhapta, ambayo wataalamu wengi huiweka katika pwani ya Tanzania ya leo. Anasema jina hilo latokana na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Wazee wetu waliouona mtepe wangemwelewa mara moja. Anataja pembe za ndovu na magamba ya kasa, na manahodha wa Kiarabu waliooa kwa wenyeji na kuijua lugha yao.

Na wewe mwenyewe, msomaji, kila siku watamka maneno yaliyoanzia kwa Wayunani na kutufikia kupitia Kiarabu. Falsafa ni kupenda hekima. Kanuni ilikuwa fimbo ya kupimia. Kalamu ilikuwa unyasi wa kuandikia. Dirhamu ilikuwa fedha yao. Almasi ni kitu kisichovunjika. Injili ni habari njema. Hatuna neno hata moja la kila siku linalotokana na jina la jemadari wa Alexander.

MAJIBU YA MASWALI YETU

Kwanza, ushindi wa upanga si dalili ya haki. Qurani Tukufu inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu huzizungusha siku za ushindi baina ya watu. Alexander alizishinda nchi nyingi, na ukoo wake ukafutika kabla mtoto wake hajabalehe. Yeyote anayeichagua dini kwa kutazama nani ana nguvu leo, itampasa kuibadili kesho.

Pili, ukweli hauna kabila. Kivuli cha Iskandaria kingempa kila mtu jibu lile lile, awe mwabudu sanamu au mwenye kumwabudu Mungu Mmoja. Mwislamu huipokea elimu popote anapoikuta, huipima, huikubali iliyo sahihi na huikataa iliyo batili. Kuiogopa elimu si uchamungu. Na kuimeza bila kutafuna si elimu.

Tatu, tunapotafuta mtu wa haki katika historia, tusitazame pembe za kwenye sarafu. Tutazame jinsi alivyowatendea wanyonge, na kama alimshukuru Mola wake au alitaka ashukuriwe yeye.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Je, ni nani aliyeishinda miji ya Wayunani mwaka 338 K.K., na kwa nini miji hiyo ilikuwa dhaifu?
2. Taja sababu mbili za kusema kwamba Dhul-Qarnaini si Alexander.
3. Eratosthenes aliupimaje mzingo wa dunia? Mweleze mwenzako bila kutazama gazeti.
4. Ibn al-Haytham alikubali nini, na alikataa nini, katika elimu ya Wayunani? Tunajifunza nini katika mwenendo wake?
5. Katika kijiji au mtaa wako, je, wako watu wanaoidharau elimu kwa sababu ya dini, au wanaoidharau dini kwa sababu ya elimu? Ungewajibu nini?

Jibu swali la tano kwanza wewe mwenyewe, nyumbani mwako, kabla hujamjibu mtu mwingine. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.